Mkasameheane

Siku hizi kila nyumba ina ukuta unaosoma Biblia mtoto akikosea, na mzazi akiuzima anakamatwa. Atupele alipomsukuma mdogo wake hata uji ukamwagika, ukuta ulisema, "Mkasameheane." Atupele akaupigia magoti ukuta. "Nisamehe."

"We mtoto!" mama yake, Tusekile, akamaka. "Mkasameheane, wewe na nani?"

"Mimi na ukuta."

Tusekile akang'oa waya. Waje tu hao wakamataji. Akamkalisha Atupele mbele ya mdogo wake aliyekuwa bado analia, akalitamka neno lile mwenyewe, polepole.

Atupele akaingiwa na hofu. "Mama, kwani na wewe unaruhusiwa kulisema?"

"Naruhusiwa. Mshike mkono mwenzio."

Mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Mshike," Tusekile akarudia, wala hakuinuka.