Usufi wa Maruhubi

Walipofika Maruhubi, theluji ikaanza.

Marhoon hakuacha kupiga pedeli. Jasho lilimtiririka mpaka ndevuni. Mbele yake njia nyembamba ilipita katikati ya miti iliyogubikwa na weupe.

"Mama, hii nyeupe ni nini?" aliuliza taratibu.

"Usufi huo," alijibu mama yake, Bi Mastura, aliyekaa ubavuni kwake na mkoba mapajani. "Misufi imepasuka. Twende, twende, usije ukasimama hapa."

Jibu lile lilimuuma Marhoon. Baskeli aliyoipanda ilikuwa ya mazoezi, haina magurudumu wala haiendi popote, na ilikuwa katikati ya sebule yao ya Hail, Maskati. Theluji ilikuwa kwenye televisheni. Filamu aliileta binti yake, Bashayer, ambaye ni daktari. Huko Ulaya reli za zamani ziling'olewa, na njia zake wakaachiwa wapanda baskeli wapite milimani na mabondeni. Lakini Bi Mastura akiitazama huapa kwamba ni njia ya reli ya Bububu, Unguja, aliyokuwa akipita utotoni amepakiwa nyuma ya baskeli ya kaka yake. Hata wakati huo reli ilikwisha kung'olewa, imebaki njia tu.

Haya yalianza miezi miwili nyuma. Alasiri moja Bi Mastura alivaa abaya yake, akashika mkoba, akaenda moja kwa moja hadi getini.

"Nnakwenda Bububu," alisema. "Nani wa kunipeleka?"

Marhoon alimbembeleza, kisha akafunga geti. Mama akalia kwa sauti, majirani wakachungulia. Bashayer ndiye aliyetoa shauri la filamu. Marhoon akaondoa kanzu zake za dishdasha juu ya baskeli, akapanda kana kwamba anampeleka Bububu, na mama akatulia.

Baskeli yenyewe aliinunua mkewe, Kheiria, mwaka jana, Marhoon alipozibuliwa mshipa wa moyo. Hakuwahi kuitumia ila kutundikia nguo, na kila aliyemkumbusha alijibiwa kwa ukali. Sasa nani ana habari na moyo? Kichwa cha mama ndicho kilichomnyima raha. Ofisini hakai akatulia. Simu ikilia hudhani mama keshatoka, yuko barabarani baina ya magari, anauliza watu njia ya Bububu. Anampenda mama yake kupita kiasi, na kumwona akipotea hivi mbele ya macho yake kulimtia hofu asiyoweza kumwambia mtu.

Wiki ya kwanza mama aliridhika kufika Malindi tu, mwanzo wa njia. Kisha akataka Saateni, halafu Mtoni. Sasa hakubali mpaka Bububu yenyewe. Marhoon akipunguza mwendo, yeye huinuka na mkoba wake na kuutazama mlango.

"Umechoka?" alimuuliza leo, akimtazama usoni, si kwenye televisheni.

"Hapana, mama."

"Basi kaza. Beitrasi hiyo."

Kwenye televisheni palikuwa na handaki lililotobolewa ndani ya mlima.

Walipofika Bububu, Bi Mastura alishusha pumzi, akampa maji, akamfuta jasho kwa ncha ya mtandio wake. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke." Akaenda chumbani kwake kungojea magharibi.

Kheiria alikuja kuzima televisheni. "Mamako hajasahau dawa zake hata siku moja," alisema. "Wala hesabu ya rakaa. Anachosahau ni mji tu."

"Ndivyo yanavyoanza maradhi haya," alisema Marhoon. "Leo kaniambia theluji ni usufi, Kheiria. Khalas, nimejidanganya vya kutosha. Jumapili nampeleka Khuwair kwa daktari wa ubongo."

"Utamwambiaje?"

"Ntamwambia kweli. Ni mama yangu."

Alizunguka sebuleni mara tatu, akakaa, akainuka tena. Hatimaye akajikaza, akapanda ngazi mbili mbili mpaka juu, hata hakuona kwamba amefika bila ya kupumzika katikati. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi kidogo. Alinyanyua mkono apige hodi, akausikia mnong'ono wa mama yake kwenye simu.

"Leo dakika arubaini, Bashayer, na wallahi hakuhema. Lakini mjukuu wangu, nitafutie filamu nyengine isokuwa na theluji. Leo nimemwambia usufi. Kesho ntamwambia nini?"