Simu ya Kila Nusu Saa

Sekela aliinyanyua simu ya mumewe kutoka kifuani mwake, taratibu, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku anayeatamia. Brightson hakushtuka. Alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye mkeka wa sebuleni, kompyuta ikiwaka mbele yake. Sekela akaitumbukiza simu kwenye ndoo ya unga jikoni, akafunika.

Kisha akakaa kwenye kigoda pale jikoni mnapoingilia sebuleni, mtoto mgongoni, akamsubiri mwanamke.

Maana mwanamke yupo. Lililobaki ni kujua ni yupi tu.

Tangu mwaka uanze, Brightson si yule aliyemwoa. Kwanza aliacha kazi. Alikuwa fundi wa nguzo za umeme kwa mkandarasi mmoja wa Kinyerezi. Siku moja karudi na bandeji juu ya jicho, akasema amejigonga kwenye mlango wa gari, na kwamba nguzo zimemchosha. Akauza pikipiki, akanunua kompyuta, akajifungia nyumbani hapa Goba kununua na kuuza sarafu za mtandaoni. Hilo Sekela angelimeza, riziki ni popote. Lakini mtoto je? Ukimpelekea anasema, "Subiri nikae," na asipokaa chini kabisa hampokei, kama vile mtoto ana miba.

Na simu. Kila nusu saa inalia mlio uleule mfupi, naye anaibonyeza mara moja na kuifunika. Mezani anabonyeza. Kanisani, mchungaji yuko katikati ya mahubiri, mkono mfukoni, anabonyeza. Akiulizwa, ni ishu za soko.

Mama Gervas wa nyumba ya pili alicheka mpaka akashika kiuno. Alisema sie tulipitiaga hayo, mwenzangu, usijisumbue kulia.

"Mwanamume hafungi kengele bure," alimwambia. "Huyo kuna mtu anaambiwa bado, bado, mke wangu yupo."

Sekela naye hakuwa mjinga. Mwaka mzima alisoma madarasa ya jioni ya kompyuta pale Mbezi, mimba ikimtangulia mlangoni, na mwalimu alimwambia ana jicho. Jumatano, Brightson akiwa anaoga, mlango kauegesha tu maana siku hizi hata komeo hafungi, alifungua faili lililokuwa likifanya kazi kwenye kompyuta yake.

Ilikuwa programu fupi, safi, iliyoongea moja kwa moja na soko la sarafu. Brightson akishaweka oda zake, yaani kuliambia soko bei ikifika hapa ninunulie, programu ilimuuliza kila nusu saa kwenye simu kama yupo. Asipojibu ndani ya dakika tano, ilifuta oda zote, moja baada ya nyingine. Halafu ilituma ujumbe kwa namba iliyoandikwa kwa herufi moja tu: H.

Ujumbe wenyewe ulikuwa maneno manne. *Njoo. Mlango uko wazi.*

Aliusoma mara tatu. Mwenye duka hufunga duka kwanza, ndipo apokee mgeni wake. Ndivyo alivyoelewa.

Hakugomba. Alikata tiketi ya basi la Tukuyu, kwao, ya Jumapili alfajiri. Akafungasha begi la mtoto na lake, akayasukuma uvunguni. Lakini moyo nao una ukaidi wake. Ulimwambia, Sekela, mpe nafasi moja. Asipokuja mtu, tiketi utaichana, mtalea mtoto wenu. Akija, hutaaga hata.

Hivyo leo Jumamosi alimwambia Brightson anakwenda mazoezi ya kwaya. Akafika njia panda, akazunguka, akarudia mlango wa jikoni. Akamkuta amelala.

Ndoo ya unga ikalia. Mlio uleule, mfupi, umezibwa. Brightson hakusikia. Sekela akaitazama saa ya ukutani.

Dakika ya tano ilipoisha, maandishi kwenye kompyuta yakaanza kushuka yenyewe. Oda imefutwa. Oda imefutwa. Mistari saba, bila mkono wa mtu, mpaka orodha ikabaki tupu. Kisha mstari wa mwisho: ujumbe umetumwa.

"Sasa njoo," Sekela alinong'ona. "Njoo nikuone."

Alitamani asije. Mtoto alikuwa akimpumulia shingoni, joto joto, na yeye akaomba kimoyomoyo kwamba namba ile iwe imekufa, au iwe ya mtu aliyehamia Kibamba na kusahau njia.

Hazikupita dakika kumi. Geti likasukumwa. Mwanamke aliingia mbio, baibui kalishika kwa mkono mmoja, ndala za mguu huu na ule hazifanani. Sekela alimjua: Hayat, binti wa mzee Zahor mwenye duka la dawa kule bondeni, mzuri wa kuudhi. Hakupiga hodi. Aliusukuma mlango kama wa kwao.

Sekela akainuka, maneno yote aliyoyapanga tangu Jumatano yakiwa tayari mdomoni.

Hayat akampita. Akapiga magoti mkekani, akamgeuza Brightson alalie ubavu, akamlegeza ukosi wa shati, akakunja kanga iliyokuwa kwenye kiti na kumwekea chini ya kichwa. Akatazama saa yake ya mkononi, kisha akainua uso.

"Wifi," alisema, akihema, "leo ameanguka saa ngapi?"