Aliyefungua Amplifaya ya Projest

Fundi Hagenimana hakuigusa ile amplifaya mara moja. Haikuwa imechomekwa popote, lakini aliizunguka kama mtu aliyekuta nyoka kitandani, mkono mmoja ameuweka mgongoni.

"Hizi za zamani, mama, zenye balbu za kioo ndani, umeme hulala humo hata ukiwa umeshachomoa. Acha niutoe kwanza."

Kokuberwa hata shikamoo ya huyu fundi hakuiitikia. Ilikuwa wiki ya tatu tangu wamzike Projest, mwanawe wa pekee, aliyekutwa sebuleni gitaa la kwaya limemganda mikononi. Na kijiji kizima cha Ihembe kilisema sanduku lile la amplifaya limewahi kufunguliwa na mtu mmoja tu: huyu fundi ambaye wazazi wake walitoka Burundi.

Nje, shemeji zake wawili, Rogasian na Ildefonsi, walikaa juu ya magunia ya kahawa. Walikuwa wamemweleza njiani: wewe ingia, akuonyeshe kosa kwa macho yako. Ukitoka tuambie ndiye au siye. La nyumba yake tuachie sisi. Rogasian alikuwa na dumu la petroli, wala hakulificha.

Nikuze, mke wa fundi, alimletea mgeni kigoda, akampa pole ya msiba, akarudi jikoni kwa wanawe.

Fundi alifanya kazi polepole. Alichomoa balbu moja moja, akazipima, akasema nzima. Transfoma nayo nzima. Mwisho akagusa kapasita moja ndogo ya kahawia, na mshale wa mita ukaruka hadi mwisho.

"Hii imekufa," alisema. "Imeachia umeme ukaingia kwenye bati la sanduku. Kutoka kwenye bati, ukapanda kwenye nyuzi za gitaa."

"Kwa hiyo ulimwachia mwanangu kitu kibovu."

"Ilikuwa nzima, mama. Ila cha zamani ni cha zamani, hukiamini. Ndiyo maana nilimfungia waya wa tatu, ule wa kwenda ardhini. Hii ikifa, swichi kubwa ya nyumba inajizima yenyewe. Nilimwambia, ukiona inajizima usilazimishe, niletee." Alifuta jasho. "Sasa kwa nini haikujizima, hapo ndipo sielewi."

Alivuta waya wa umeme mpaka mwisho wake, akaifungua plagi kwa bisibisi. Waya wa kijani, ule wa kwenda ardhini, ulikuwa umekatwa. Ncha yake ilikunjwa nyuma, ikazungushiwa kipande cha nailoni.

Akamsogezea Kokuberwa auone vizuri.

"Huu si mkono wa fundi, mama. Kuna mtu wa nyumbani alifungua hapa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nakuomba uwaambie hao walioko nje hiki ulichokiona. Mimi hawatanisikiliza. Wewe watakusikia."

Kokuberwa aliutazama ule waya. Jumatatu ile ya msiba swichi ilikuwa imejizima mara nne, mpaka Projest akasema anaipeleka amplifaya kwa fundi, akatoka kutafuta bodaboda. Mama yake akaona kwa nini kijana ahangaike. Tangu awe mjane, kitasa alifunga mwenyewe, bati alipiga mwenyewe. Akachukua kisu cha kumenyea ndizi, akaufungua ule mdomo wa plagi, akakata waya mmoja alioona umezidi. Swichi haikujizima tena. Projest aliporudi alicheka, akamwambia, "Mama, kumbe fundi tunaye humu ndani," akamlipa bodaboda aende zake, akachukua gitaa.

Kokuberwa aliinuka kwenye kigoda. Alijifunga kitenge vizuri kiunoni, akatoka nje kwenye jua, na shemeji zake wakasimama.

"Ndiye," alisema.