Wanja Mpya

Kwa miaka ishirini na sita Bi Sikudhani aliwashika sungura wa maabara wakati madaktari wakiwatia dawa machoni. Hakuwahi kukataa. Dawa mojawapo ndiyo iliyomponya dada yake upofu, kwa hiyo aliwaomba sungura radhi kimoyomoyo, akaendelea na kazi.

Asubuhi hiyo Daktari Nderingo alikuja na kikopo kidogo cheusi.

“Leo dawa gani?” aliuliza Bi Sikudhani, huku amempakata sungura.

“Si dawa, mama. Ni wanja. Kampuni inataka uingie sokoni kabla ya sikukuu.”

Kikopo kilipofunguliwa, harufu yake ilimrudisha jikoni kwao, mama yake akikwangua masizi ya kibatari na kuyachanganya na mafuta ya nazi. Kila mkesha wa Idi mama alijipaka yeye kwanza. Binti zake walikaa wakimkodolea macho, wakisukumana kwa hamu, mpaka aseme, “Haya, njooni sasa.”

“Mshike kichwa, mama,” alisema daktari.

Bi Sikudhani alimrudisha sungura kwenye kizimba chake. Alichovya kidole kikoponi, akajipaka wanja kwenye jicho la kushoto.

“Mama, hatujui bado kama ni salama!”

“Mama yangu alijua kila alichotia,” alisema kwa upole, “na bado alianza na jicho lake mwenyewe.”

Jicho lilianza kulowa. Daktari alichota maji safi kwa bakuli, akaketi mbele yake akiwa ameshika bakuli hilo kwa mikono miwili, asijue amsafishe jicho au asubiri aone matokeo.