Jembe la Mheshimiwa

Mama Pendo, jirani yake Skolastika, anaapa kwamba siku ya mazishi ya Gervas, mbunge wao Kibuga alifukia kaburi kwa mikono yake mwenyewe mpaka jasho likamtoka. Kwani picha si ipo?

Skolastika habishani naye. Jembe analo yeye, mjane wa marehemu. Mpini wake umelainishwa na viganja vya wanaume wawili, Gervas na Kibuga, waliochimba kila kaburi la mtaa ule enzi za udiwani wa Kibuga. Hata kura za ubunge alizipatia makaburini. Watu walisema, "Huyu ndiye atakayetuzika."

Siku ile ya mazishi, Kibuga alifika jeneza limeshashushwa. Akapewa jembe, akalishika, akapigwa picha, akamrudishia mjane na kushika kipaza sauti. Alieleza habari za lami mpaka wazee wakachuchumaa.

"Tufukie jamani, mvua hiyo," mmoja akanong'ona.

"Subiri, hajamaliza kuomba kura," mwenzake akamjibu.

Alipomaliza, akashika njia ya kwenye gari. Skolastika akamuwahi mlangoni.

"Shemeji," akamwita kama zamani, "Gervas aliniachia neno moja tu, kwamba Kibuga ndiye atakayemfukia. Udongo wa jembe moja tu, shemeji, nami nikalale."

Akamnyooshea jembe. Mheshimiwa akalitazama, kisha akavitazama viatu vyake. Gari lilikuwa linanguruma tayari, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuulowesha mpini, ungali mkononi mwa mjane.