Kofia ya Mpishi Mkuu

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wakialikana harusi, mpishi mkuu alikuwa Kiboko, na alitambulika kwa kofia yake nyekundu. Siku Swala alipooa, pilau ilifunikwa na makaa yakapaliwa juu ya mfuniko, kisha Kiboko akaenda kuwahutubia wageni kuhusu ukubwa wa cheo chake.

Mara harufu ya kuungua ikatanda jikoni.

"Mimi ni wa kuni tu," alisema Ngiri.

"Na mimi ni wa vitunguu," alisema Bata. "Tumngoje mwenye kofia."

Kindi, mwosha sufuria, hakungoja. Alichomoka mbio, akaparamia mgongo wa Kiboko katikati ya hotuba, akainyakua kofia na kutimka.

"Kindi anataka cheo!" wageni walipiga kelele, wakamkimbiza hadi jikoni, bwana harusi akiwa mbele.

Walimkuta ameikunja ile kofia na kushikia mfuniko wa moto, makaa yakiruka huku na huku.

"Ngiri, vuta kuni! Bata, lete sinia!"

Walitii kabla hawajakumbuka kwamba anayewaamuru ni mwosha sufuria. Pilau ikapona, ikabaki na ukoko tu.

Kiboko aliingia akihema. "Mpishi mkuu hapa ni nani?"

"Ni wewe, bwana mkubwa," alisema Kindi, akimrudishia kofia. "Samahani, sikuona kitambaa karibu."

Kiboko akaivaa. Ilikuwa imeungua tundu, na sikio lake dogo likachungulia nje. Wageni wakacheka hadi wakashika mbavu. Kiboko akaitazama pilau, akamwinamia Kindi na kunong'ona:

"Mimi nishike sinia lipi?"