Ugonjwa wa Kizazi

Kila birika mjini lilisoma daftari la afya la mnywaji kabla ya kutia sukari. Miaka yote la Mwanahamisi lilimnyima, kwa sababu ya ovari zake zenye vifuko vya maji, ugonjwa unaopandisha sukari na kuotesha ndevu. Alipotolewa kizazi tu, likaanza kumtilia vijiko vitatu.

"Mimi bado mgonjwa," alilifokea, akipapasa ndevu alizonyoa asubuhi. "Sukari yangu inapanda vilevile!"

"Huo ni ugonjwa wa kizazi, mama," birika likajibu, "nawe huna kizazi. Hongera, umepona."

Aliimwaga chai.

Binti yake Saumu akaingia, mtandio umefunika kidevu. "Mama, na mimi ndevu zimeniota. Mwezi wa tatu huu sijaona siku zangu."

Birika likammiminia chai, sukari vijiko vitatu.

"Usiogope, Saumu. Ugonjwa huu huenda kizazi hadi kizazi, na mama yako hana kizazi."